Kanuni za kutuma ujumbe na linki kwenye kundi la kujifunza lugha: mwongozo kwa msimamizi wa Moshi

Msimu wa masika, Aprili na Mei, wageni wa Mlima Kilimanjaro hupungua. Waongozaji, wapishi wa mlimani na wapagazi, ambao wenyewe hujiita wagumu, hupata nafasi ya kusoma. Mmoja anashika Kijerumani, mwingine Kifaransa, mwingine ameanza Kichina. Darasa la ana kwa ana lina ada na lina ratiba, kwa hiyo wengi huanzia kwenye kundi la WhatsApp. Mtu mmoja anayejua kidogo anawaunganisha wenzake, wanaanza kwa moto, na kila asubuhi "Guten Morgen" zinamiminika.

Wiki chache baadaye kundi lilelile limejaa picha za maua zilizoandikwa "asubuhi njema", tangazo la kiwanja kule Pasua, video ya mahubiri, linki ya "ajira Ujerumani", na kitabu kizima cha kurasa mia tatu ambacho hakuna aliyekifungua. Aliyekuja kujifunza amenyamaza. Hajajitoa, maana kujitoa kunaonekana kama dharau, lakini ameshazima mlio wa kundi na hafungui tena.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesimamia kundi la namna hiyo au unayetaka kulianzisha. Mifano nimeichukua kwenye Kijerumani na kwa watu wa mlimani kwa sababu ndiko ninakokujua. Ukiwa Arusha na kundi lako ni la Kifaransa, au unawafundisha Kiswahili wageni waliohamia Njiro, badilisha mifano tu, taratibu zitabaki zilezile. Msimamo wangu nautanguliza: kanuni ya kundi la lugha ipimwe kwa swali moja, je, mwenye woga kuliko wote ataandika sentensi yake leo? Isiyomsaidia huyo, ifute.

Hatua ya 1: Amua kundi ni la nani

Kabla ya kuandika kanuni hata moja, andika sentensi moja inayosema mnajifunza lugha gani, kwa kiwango gani, na kwa kazi gani. Viwango vipo tayari, huna haja ya kubuni. Baraza la Ulaya lilichapisha mwaka 2001 mfumo wa ngazi sita, kuanzia A1 kwa anayeanza hadi C2 kwa aliyebobea, na vitabu vingi vya Kijerumani na Kifaransa hupangwa kwa ngazi hizo.

Ngazi zina maana kubwa kuliko zinavyoonekana. Ukimweka mtu wa A1 na mtu wa B2 kwenye kundi moja bila utaratibu, wa B2 ataandika aya ndefu na wa A1 atajificha. Wakiwa wachache, wabaki pamoja ila kila somo liandikwe ni la ngazi gani. Wakiwa wengi, gawanya makundi mawili na uyaweke chini ya jumuiya moja ndani ya WhatsApp, ili tangazo moja liwafikie wote.

Na kazi pia itajwe. Anayejiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa Goethe-Institut kule Dar es Salaam anahitaji kuandika barua na kusoma makala fupi. Mwongozaji anayepanda na Wajerumani wiki ijayo anahitaji "Haben Sie Kopfschmerzen?" (kichwa kinakuuma?) na "Trinken Sie bitte viel Wasser" (tafadhali kunywa maji mengi), tena anazihitaji haraka, kwa sababu mgeni anayeulizwa kwa lugha yake husema mapema kwamba kichwa kinamuuma. Hapa kwetu lugha ni sehemu ya usalama wa mlimani, ndiyo maana naona kundi la lugha linalokufa ni hasara ya kweli.

WhatsApp inaruhusu watu hadi 1,024 kwenye kundi moja. Usikimbilie idadi hiyo. Kwa maoni yangu wanafunzi arobaini wanaoandika wanatosha kabisa.

Hatua ya 2: Panga saa, kwa kumfikiria aliyeko mlimani

Watu wetu hawana ratiba ya ofisi. Anayepanda kwa njia ya Marangu yuko juu siku tano au sita, wa Machame sita au saba, na mtandao unakuja na kupotea. Akishuka anakuta mamia ya ujumbe. Anatelezesha kidole, anachoka, anafunga. Siku ya pili anaona aibu kuuliza "tumefika wapi?", na kuanzia hapo amepotea.

Kwa hiyo weka dirisha moja la masomo. Saa moja hadi saa tatu usiku inafaa, kwa kuwa wengi wameshatoka kazini na chakula kiko jikoni. Nje ya saa hizo mtu anaruhusiwa kuuliza swali la lugha, ila somo jipya halitumwi. Ukiona watu hawashikiki, mipangilio ya kundi inakuruhusu kuzuia wote wasiokuwa wasimamizi wasitume. Ifunge saa nne usiku, ifungue asubuhi.

Kila somo lipewe namba na kichwa kwa herufi kubwa: SOMO 14: KUMWULIZA MGENI HALI YAKE. Herufi na namba hizo zinatafutika kirahisi kwenye kisanduku cha kutafuta. Kisha bandika somo la wiki juu ya kundi. WhatsApp inakupa kubandika kwa saa 24, siku 7 au siku 30, na kwa watu wa mlimani siku 7 ndizo zinazofaa, kwa sababu zinaenea safari nzima. Kanuni yake ni hii: aliyerudi asome kilichobandikwa tu, ajibu hapohapo, na asiombwe maelezo ya alikokuwa. Aandike "nimeshuka" na aendelee. Nimeona neno hilo moja likiwarudisha watu waliokuwa wameshakata tamaa.

Hatua ya 3: Kanuni ya kuandika na kusahihishana

Hapa ndipo kundi linaposimama au kuanguka, kwa hiyo usiharakishe.

Wasimamizi wengi wapya hutangaza "hapa ni Kijerumani tu, Kiswahili marufuku". Inasikika vizuri, lakini kwa A1 ni sawa na kumwambia mtu akae kimya. Kanuni bora ni kwamba kila ujumbe uanze na sentensi moja ya lugha mnayojifunza, hata iwe fupi na yenye makosa, kisha Kiswahili kifuate kama kinahitajika. Aliyeandika "Ich habe eine Frage" (nina swali) halafu akauliza swali lake kwa Kiswahili tayari ameshafanya mazoezi ya siku.

Kanuni hiyohiyo inamaliza mabishano ya mpira bila ugomvi. Anayetaka kuzungumzia mechi aizungumzie kwa Kijerumani: "Yanga hat gestern gewonnen" (Yanga ilishinda jana). Wa Simba naye ajibu kwa Kijerumani. Mtu atakayetafuta neno kwenye kamusi ili amjibu mwenzake amejifunza neno ambalo halitamtoka.

Sasa kusahihisha. Chukua mfano huu. Dada mmoja mpishi anaandika kundini:

"Gestern ich habe gekocht Suppe für 8 Gäste."

Tumemwelewa. Jana alipika supu kwa wageni wanane. Ila kitenzi kimekaa pasipo pake. Akijitokeza mtu wa kwanza akaandika "wrong", wa pili akabandika stika ya kucheka, wa tatu akaleta maelezo ya kurasa mbili kuhusu sarufi, dada huyo hataandika tena. Linganisha na jibu hili, lililotumwa kwa kugusa ujumbe wake ili lionekane chini yake:

"Dada, supu tumeielewa, hongera. Kitenzi kikae nafasi ya pili: Gestern habe ich Suppe für acht Gäste gekocht. Tupe nyingine inayoanza na Heute."

Naye anajibu: "Heute habe ich Reis gekocht" (leo nimepika wali).

Angalia kilichofanyika. Kwanza ameambiwa ameeleweka. Kisha ameelezwa jambo moja tu. Kosa lake la pili, lile la "gekocht" kutokwenda mwisho wa sentensi, amelionea ndani ya sentensi iliyosahihishwa bila kuhutubiwa. Mwisho amepewa nafasi ya kujaribu palepale, na amepatia. Andika utaratibu huu kwenye kanuni kwa maneno yako: eleza umeelewa nini, sahihisha kosa moja, omba sentensi nyingine.

Wanaosahihisha wawe kwa zamu, wawili kwa wiki, na majina yao yajulikane. Mwingine akiona kosa amwachie wa zamu. Hii inawapa nafasi hata wanafunzi wa ngazi ya kati, kwa kuwa anayejua atasahihisha kesho atasoma leo.

Jambo la wazee nalo lina uzito wake. Kwenye makundi yetu yumo mwongozaji aliyepanda mlima kabla baadhi ya wanakundi hawajazaliwa, na anayemsahihisha ni kijana aliyemaliza kidato cha nne juzi. Kijana akimkosoa hadharani, mzee atanyamaza na wengine wataona kijana hana adabu, hata kama sarufi iko upande wake. Mwulize mzee mapema, inboksi: "Shikamoo mzee. Ungependa tukusahihishe kundini au huku pembeni?" Wengi nikiwauliza hivyo husema kundini, hakuna shida. Kuulizwa tu kumeshaweka heshima mahali pake. Asiyependa, sahihisho limfuate inboksi na kundini lisitajwe.

Kucheka kosa la mtu ni jambo ambalo ningelifuta mara moja bila kusubiri. Msimamizi ana uwezo wa kufuta ujumbe wa mwanakundi yeyote ili wote wasiuone. Autumie hapo, kisha amfuate aliyecheka inboksi kwa upole.

Mawili ya haraka kabla hatujaendelea. WhatsApp inaruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15, kwa hiyo mtu arekebishe herufi alizokosea kabla hajasahihishwa, lakini sentensi ikishasahihishwa isifutwe, maana mwingine atajifunzia hapo. Na ujumbe wa sauti usizidi nusu dakika. Mazoezi ya matamshi ni mazuri sana, ila sauti ya dakika tano hakuna anayeisikiliza hadi mwisho.

Hatua ya 4: Kanuni ya linki

Linki iliyotupwa kavukavu ni kazi uliyomsukumia mwenzako. Hajui inakwenda wapi, hajui kama ni ya ngazi yake, na akiigusa bando lake linaweza kuisha kabla hajaelewa. Aliyenunua bando dogo kule Majengo au Kiborloni anahesabu kila MB, na ana haki ya kujua kabla.

Kila linki basi iambatane na maelezo ya vitu vinne: inakwenda wapi, ni ya ngazi gani, ni ndefu au nzito kiasi gani, na mwenzako afanye nini akishaifungua. Hivi:

"Kozi ya bure ya Kijerumani ya Deutsche Welle, shirika la utangazaji la Ujerumani. Ngazi A1. Video ya dakika nne, kama bando ni dogo subiri Wi-Fi. Sikiliza wanavyosalimiana, kisha andika hapa salamu mbili ulizozisikia."

Hicho kipengele cha nne ndicho kinachopuuzwa, nacho ndicho kinachoifanya linki kuwa somo. Kama anayetuma hawezi kusema mwenzake afanye nini, basi bado hajaifungua yeye mwenyewe. Na hiyo iwe kanuni: hutumi linki ambayo hujaifungua na kuifanyia kazi. Mtu mmoja, linki moja kwa wiki. Zikizidi, wanafunzi wanaanza kukusanya linki badala ya kusoma.

Linki zilizofupishwa zisiruhusiwe, kwa sababu hazionyeshi zinakokwenda. Na wafundishe wanakundi kusoma anwani kabla ya kuigusa. Tafuta mkwaju wa kwanza, alama hii /, ule unaofuata baada ya jina la tovuti. Maneno yaliyo kabla yake, upande wa kushoto na karibu nao kabisa, ndiyo yanayosema mwenye tovuti ni nani. Anwani ikiwa dw.com kisha mkwaju, uko kwa Deutsche Welle. Lakini ukikuta dw.com kisha nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju, mwenye tovuti ni hayo maneno mengine, na hiyo dw.com imewekwa mbele kukuvutia. Hili lifanyeni kuwa somo la jioni moja, kila mtu akiwa ameshika simu yake. Litawasaidia hata kwenye mambo ya pesa.

Linki za kujiunga na makundi mengine, hapana. Ujumbe wenye alama ya mishale miwili, unaoonyesha kwamba umesambazwa mara nyingi, nao hapana, hata kama umeandikwa kwa Kijerumani kizuri. Huwezi kujua ulianzia wapi.

Linki za ajira zinahitaji ukali zaidi. Mtu anayejifunza Kijerumani ana ndoto, na matapeli wanaijua ndoto hiyo. Tangazo linakuja: wauguzi, madereva, wahudumu wa hoteli wanahitajika Ujerumani, nafasi ni chache, tuma ada ya usajili leo. Kanuni iwe kwamba hakuna linki ya ajira inayotumwa kundini moja kwa moja. Aliyeipata aitume kwa msimamizi, naye aangalie. Kama wanataka ada iende kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, kama wanataka picha ya kitambulisho cha NIDA au pasipoti kabla hata ya usaili, kama hawana ofisi inayojulikana, iishie hapo. Anayetaka kuhakikisha wakala wa ajira za nje amesajiliwa aulize ofisi ya serikali inayoshughulikia kazi na ajira. Ujumbe wa kitapeli ukiingia kwenye simu za watu, waupeleke kwenye namba 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano.

Kuna utapeli mwingine unaopitia hukuhuku. Mwanakundi anapokea ujumbe kutoka namba anayoifahamu: "Kaka, nimekosea, nimetuma msimbo (code) wangu kwako, naomba unirudishie." Huo msimbo wa tarakimu sita ni wa kufungulia WhatsApp yako. Ukiutoa, akaunti imekwenda, na dakika chache baadaye "wewe" unaomba mkopo kwa kundi zima. Andika kwenye kanuni kwamba hakuna msimamizi atakayewahi kumwomba mtu msimbo huo, na kila mmoja awashe uthibitisho wa hatua mbili kwenye mipangilio ya akaunti yake.

Kuhusu vitabu. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na kurusha kitabu kizima kilichopigwa picha bila idhini ya mwenye haki si jambo la kufumbia macho kwa kuwa tu ni cha shule. Mtu ataje jina la kitabu na kinapouzwa. Maelezo aliyoyaandika mwenyewe kwenye daftari, ayapige picha na kuyatuma kwa uhuru. Daftari la mwanafunzi mwenzako mara nyingi linaeleweka kuliko kitabu.

Hatua ya 5: Misiba, michango na biashara

Kanuni ya "hakuna tangazo la msiba" haitekelezeki Moshi, na binafsi siitaki. Watu hawa wanafanya kazi pamoja. Mwenzao akifiwa na mzazi huku wao wanaendelea na somo la vitenzi, kundi limepoteza utu wake. Lakini nakubali pia kwamba misiba ya ndugu wa mbali, pamoja na "poleni sana" za watu arobaini na orodha za michango zinazorudiwa kila jioni, huzamisha masomo kabisa.

Njia ya katikati ipo. Taarifa ya msiba itolewe na msimamizi peke yake, mara moja, kwa mwanakundi mwenyewe, mwenzi wake, mzazi wake au mtoto wake. Jioni hiyo somo linasimama. Pole zimfuate mfiwa inboksi au kwa simu. Walio karibu naye wafungue kundi la muda la michango na safari ya mazishi, na anayetaka kuingia aombe aingizwe. Kesho yake somo linarudi kwa saa ileile. Harusi na send-off zifuate njia hiyohiyo ya kundi la pembeni. Hazisimamishi somo.

Biashara isizuiwe kabisa, kwa sababu wanakundi wengi wanaishi kwa kuuza na kukodisha. Mpe kila mtu siku ya Ijumaa, tangazo moja, kwa sharti kwamba liandikwe kwa lugha mnayojifunza: "Ich vermiete Schlafsäcke und Jacken in Moshi" (nakodisha mifuko ya kulalia na makoti Moshi). Bei iwepo, na maswali yamfuate inboksi. Sharti la lugha linapunguza matangazo lenyewe, na yanayobaki ni mazoezi ya kazi halisi, kwa kuwa ndiyo maneno atakayomwambia mgeni dukani.

Dini na siasa acheni nje. Hapo sioni haja ya maelezo.

Hatua ya 6: Picha na taarifa za wageni

Waongozaji wanapenda kutuma picha ya mgeni akiwa kileleni Uhuru, na kuielezea kwa Kijerumani ni zoezi zuri. Tatizo ni kwamba mgeni hajui kwamba uso wake uko kwenye simu za watu asiowajua. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria, mgeni aliyekuamini mlimani anastahili kuulizwa. Mfundishe mwanakundi kuuliza: "Darf ich das Foto in meiner Lerngruppe zeigen?" (naruhusiwa kuonyesha picha hii kwenye kundi langu la kujifunza?) Akikubali, picha itumwe bila jina lake. Picha ya mgeni anayeumwa, anayetapika au aliyebebwa kwenye machela haitumwi hata akikubali. Orodha ya wageni yenye namba za pasipoti haina nafasi kwenye kundi lolote.

Hatua ya 7: Ziandike fupi

Ukishaamua, ziandike kwa sentensi ambazo mtu atazisoma akiwa ndani ya daladala. Ziweke kwenye maelezo ya kundi, na mtu mpya atumiwe inboksi kabla hajaandika chochote. Unaweza kuanza na hizi na kuzirekebisha:

Karibu. Hapa tunajifunza Kijerumani cha kazi ya mlimani, ngazi A1 na A2.
Anza kila ujumbe na sentensi moja ya Kijerumani. Kukosea kunaruhusiwa.
Somo ni saa moja hadi saa tatu usiku. Ukiwa mlimani, soma kilichobandikwa juu ukishuka.
Wanaosahihisha ni wa zamu tu. Kosa la mtu halichekwi.
Linki moja kwa wiki, uwe umeifungua, na useme ni ya nini, ngazi gani, nzito kiasi gani, tufanye nini.
Linki za ajira: mtumie msimamizi kwanza. Za makundi mengine na zilizofupishwa haziruhusiwi.
Tangazo la biashara ni Ijumaa, kwa Kijerumani.
Picha ya mgeni kwa ruhusa yake, bila jina.
Hakuna anayeombwa msimbo wa WhatsApp wala pesa humu.

Hatua ya 8: Zitekeleze bila kumwaibisha mtu

Wasimamizi wawe watatu, na angalau mmoja wao asiwe mtu wa kupanda mlima, ili kila wakati pawe na mwenye mtandao. Washa mpangilio wa kuidhinisha wanaojiunga. Linki ya kundi ikishasambaa ovyo, ibatilishe na utengeneze nyingine.

Mtu akikiuka, ujumbe unafutwa na anaandikiwa inboksi kwa jina lake: "Kaka, nimeondoa ile linki kwa kuwa haikuwa na maelezo. Iongezee ngazi na kazi ya kufanya, uirudishe." Wengi huirudisha ikiwa bora zaidi. Akirudia, mwambie tena inboksi kwamba mara ya tatu atakaa nje ya kundi mwezi mmoja. Mwezi ukiisha arudishwe bila maneno. Tapeli hana hatua hizo. Anaondolewa papo hapo na wanakundi wanaambiwa sababu.

Kanuni imshike na msimamizi. Siku utakayotuma linki bila maelezo kwa sababu una haraka, wanakundi wote watakuwa wameiona.

Hatua ya 9: Zipitie masika ijayo

Usibadilishe kanuni katikati ya msimu, Julai au Agosti, nusu ya watu wakiwa mlimani. Subiri Aprili. Weka kura ya WhatsApp kwa kila kanuni unayotaka kuibadilisha, iache wazi wiki nzima, kisha wapigie simu wawili watatu ambao hawajaandika kitu kwa muda mrefu. Waulize kinachowazuia, uwasikilize hadi wamalize. Wakikuambia masomo yanakwenda mbio, punguza, kwa mfano kutoka matano kwa wiki hadi matatu. Wakikuambia wanaona aibu mbele ya mtu fulani, huyo mtu ongea naye wewe, kabla ya SOMO 1 la msimu mpya.